Maswali ya wasomaji: "Hili garasa nani kalileta?"

Wasomaji wetu hamjambo. Mwezi huu naanza na swali la mama mmoja wa Makorora hapa Tanga kwasababu limenikaa moyoni toka siku niliyolisoma, na nitalijibu kwa urefu. Mengine matatu yanafuata, yote yako palepale kwenye maneno tunayotumia kusema mtu au kitu hakifai, hayo nitakwenda nayo harakaharaka.

SWALI: Asalaam aleikum mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wanne nakaa hapa Makorora. Mwanangu wa tatu ana miaka 17, anacheza mpira, winga wa kushoto, na mtaani wanamsifu kwakweli. Juzikati alienda kufanya majaribio kwenye timu moja, jina silitaji, kocha akamwingiza dakika za mwisho, akapoteza mipira miwili akatolewa, na wakati anatoka kocha akasema kwa sauti mbele ya wenzie "hili garasa nani kalileta?" Watu wakacheka. Mtoto karudi nyumbani hajala, na toka siku ile viatu vyake viko juu ya kabati hataki hata kuviangalia. Mjomba wake anasema hilo ni tusi twende tukamshtaki, jirani yangu ananambia nisikuze mambo, hilo neno la mpira tu na redioni linasemwa kila siku. Mimi nimesoma mpaka la saba, naomba unieleze garasa ni nini hasa, ni tusi au sio tusi, na je ni garasa au galasa maana nasikia kotekote. (Mama wa winga, Makorora)

JIBU: Waaleikum salaam mama yangu. Pole sana, na kijana mpe pole yangu.

Tuanze na neno lenyewe kwao ni wapi. Garasa ni karata. Mi nimekulia Ngamiani, na barazani kwa babu yangu karata zilikuwa zinachezwa kila siku baada ya alasiri mpaka ikisikika adhana ya magharibi, na mchezo wenyewe ulikuwa ule wa sitini na moja, wazee wakiuita wahedi wa sitini, ambayo ni hesabu ileile kwa kiarabu. Unachukua karata 52 unatoa nane zote, tisa zote na kumi zote, zinabaki 40. Ree, ile yenye A, ndo kubwa, ina 11. Inafuata saba, ndo inaitwa seti, hiyo ina 10. Alafu wanakuja wazungu, yani zile karata zenye picha za watu, mzungu wa nne ana nne, wa tatu ana tatu, wa pili ana mbili, yani jina lake ndo hesabu yake. Jumlisha hapo kila rangi ina 30, na rangi ziko nne, shupaza, kopa, uru na pau, kwahiyo mchezo mzima una 120, ukishika 61 umeshapita nusu umeshinda, ndo pale jina lilipotoka. Sasa zile zilobaki, mbili, tatu, nne, tano na sita, hazina hesabu kabisa, ukizila, yani ukishinda ukazichukua, hujaongeza kitu. Hizo ndo magarasa.

Hebu zihesabu na wewe mama. Tano kila rangi, mara nne, ni 20. Katika karata 40 zinazochezwa, 20 ni magarasa. Nusu nzima! Mkicheza wanne, wawili kwa wawili, kila mtu anashika kumi, na hakuna siku mtu anafungua mkono wake asikute magarasa humo, babu yangu alikuwa akikuta matano anashukuru anasema leo Mungu kagawa sawa.

Majina mengi ya mchezo huu tumeachiwa na Wareno. Vasco da Gama alipita pwani hii 1498, wenzie wakaja wakajenga Fort Jesus pale Mombasa kuanzia 1593, wakatolewa ngomeni 1698, wao wakaenda zao karata zikabaki. Kopa, uru, pau, shupaza, zote kireno hicho, na seti ndo saba yao, na turufu pia, yani ile rangi inayochaguliwa iwe inakula rangi zingine. Hii turufu imekwenda mbali kuliko zote, maana leo ukisikia kwenye taarifa ya habari kwamba nchi fulani imepiga kura ya turufu kule Baraza la Usalama, neno ni lilelile la barazani kwa babu. Nayataja haya ili uone kwamba lugha yetu imezoea kuchukua karata na kuzifanyia mambo ya watu. Mtu akibakiwa na njia moja tunasema anacheza karata yake ya mwisho, akijipanga vizuri tunasema kazichanga vizuri karata zake. Kwahiyo na garasa nayo kuhama kutoka mkekani kwenda kwa binadamu halikuwa jambo la ajabu, mtu ambae hahesabiwi, awepo asiwepo hesabu haibadiliki, akaitwa garasa.

Ila kwenye mpira ndo limeota mizizi, na hapa naomba tukae kidogo maana ndo penye swali lako. Sikiliza mashabiki wanavolitumia. Timu imetoa hela nyingi imemleta straika, kapokelewa na watu wanaimba, kapewa jezi namba tisa, mechi kumi zinapita hana hata bao, hapo ndo utasikia "tumepigwa, tumeletewa garasa". Dirisha dogo likikaribia utasikia "magarasa yote yaondoke". Umeona? Neno hili kwenye mpira limebeba vitu viwili ndani yake, gharama na matarajio. Garasa wa mpira ni mtu aliyenunuliwa kwa bei ya ree, karata ilipofunuliwa ikaonekana mbili. Hakuna shabiki anaepita kwenye kiwanja cha vumbi akaona vijana wanacheza peku akasema wale magarasa, atasema wale bado, au wale wanajifunza, sababu hakuna aliyetoa hela na hakuna aliyeahidiwa kitu.

Sasa mwanao nani kamnunua? Ana miaka 17, kaja kwa miguu yake kufanya majaribio, na majaribio maana yake ni kwamba hata wewe mwenye timu bado hujajua. Huwezi kumwita garasa mtu ambae karata yake hujaifunua. Sisi watu wa pwani nazi tumeipa jina kila hatua, inaanza kidaka, inakuja kitale, alafu dafu, alafu koroma, ndo inakuja nazi yenyewe, na hakuna mwanamke wa Tanga hii anaeweza kukaa kwenye mbuzi akakuna dafu alafu akalilaumu halitoi tui. Dafu halina tui na halina kosa, wakati wake haujafika. Kwahiyo hata ukiacha mambo ya adabu, kwa matumizi tu ya neno lenyewe, kocha alikosea.

Na jirani yako anaposema ni neno la mpira tu, ni kweli, nusu. Mi redioni nalisikia kila wiki. Lakini mtangazaji au shabiki anamsema mtu mzima anaelipwa mshahara, tena hamsemi mbele ya uso wake. Tanga hii ni mji wa mpira, Coastal Union ilichukua ubingwa wa Tanzania bara mwaka 1988, na mjomba wangu aliyekuwa hakosi uwanja wa Mkwakwani enzi hizo alikuwa akiona mchezaji kaharibu anasema "leo mguu umemkataa". Leo mguu umemkataa! Yani kosa ni la leo na kosa ni la mguu, kesho mguu utakubali. Sijui kama watoto wa siku hizi wanaambiwa hivo na mtu yoyote.

Sasa turudi kwenye ile sentensi, maana mjomba wa mtoto anaona ni tusi na mi nadhani kuna kitu kakisikia ambacho hajui kukieleza. Kocha hakusema "huyu garasa nani kamleta". Kasema "HILI garasa nani kaLIleta". Kiswahili mama kina adabu kubwa sana kwenye hizo herufi ndogondogo. Chochote chenye roho tunakipa huyu na yule, nenda pale soko la samaki la Deep Sea asubuhi boti zikiingia utasikia "changu huyu katoka majini sasa hivi", "pweza yule mkubwa kauzwa", mbuzi tunasema kala majani, kuku katetea, hata mdudu tunasema huyu kaniuma. Samaki ambae ameshakufa yuko kwenye meza anauzwa anapewa huyu! Alafu mtoto wa mtu, mzima na roho yake, anaambiwa hili, kalileta, kama vile gogo. Ndo maana ukitaka kumtukana mtu kwa kiswahili huna haja hata ya neno chafu, unasema "lile jitu" badala ya "yule mtu", unasema "lizee lile", inatosha watu wapigane. Mtu akisema "yule garasa bwana, kocha amtoe" hiyo ni lawama kali lakini bado anamsema binadamu. Akisema "hili garasa" basi kamtoa kwenye watu kamweka kwenye vitu.

Kwahiyo jibu langu ni hili. Neno garasa peke yake sio tusi la nguoni, ni neno la dharau, na kwenye mazungumzo ya mashabiki linapita. Lakini lilivosemwa siku ile, kwa mtoto, mbele ya wenzie, na hilo "hili" lake, lilikuwa tusi, na mjomba hajakosea kuumia. Kushtaki mi sishauri, mtoto atazidi kujulikana kwa jina hilo. Ningekuwa mimi ningemtuma huyo mjomba aende siku ya mazoezi, amsubiri kocha amalize, amwombe pembeni kwa upole amuulize mambo matatu tu, mtoto kakosea nini, namba gani inamfaa, na arudi lini. Maana shida kubwa ya neno garasa ni kwamba halimwambii mtoto cha kurekebisha. Mwambie anakaa na mpira muda mrefu, atajifunza kuuachia. Mwambie hashuki kumsaidia beki wake, atashuka. Mwambie pumzi ndogo, ataamka alfajiri akimbie mpaka Raskazone na kurudi. Ukimwambia wewe garasa, afanye nini? Karata haiwezi kujibadilisha namba usiku ikaamka asubuhi imekuwa saba, binadamu anaweza, hapo ndipo mfano wa karata unapovunjika na ndo maana naona ni neno la kulitumia kwa uangalifu sana kwa mtu ambae bado anakua.

Na kuna jambo moja la mwisho kuhusu karata hii ambalo wengi wanaolitumia hilo neno siku hizi hawalijui, kwasababu hawachezi tena, wamelirithi neno wameuacha mchezo. Garasa haina hesabu, lakini ina kazi. Mwenzako wa upande wa pili akiwa anakula, we hutoi seti yako ukampa kumi za bure, unatupia garasa. Asiekuwa na garasa mkononi siku hiyo analia maana kila anachotoa ni hasara. Alafu kuna garasa ya turufu. Siku moja babu alikuwa na ree ya kopa kaishikilia muda mrefu anaitafutia nafasi, akaona sasa ndo wakati, akaipiga kwenye mkeka kwa kishindo, na mzee mmoja fundi wa ngalawa aliyekuwa upande wa pili, kopa kaishiwa, akatoa mbili ya pau akaiweka juu yake taratibu kabisa. Pau ndo ilikuwa turufu. Mbili, karata ndogo kuliko zote, ikaila ree na hesabu yake yote 11, na babu alivokuwa na yeye ameshakaribia sitini akakosa, wakafungwa. Nilikuwa na miaka kama tisa hivi, nilisimama nyuma ya babu nikaona mikono yake inatetemeka. Usiku tukiwa tunakula akanambia ree ni ree na mbili ni mbili, lakini kwanza uliza turufu ni nini leo. Yani karata ileile, mbili ileile, mchezo wa kwanza ni takataka, mchezo wa pili turufu imegeuka ndio inawala wakubwa. Mwanao kachezeshwa dakika za mwisho, kwenye timu ngeni, na watu hata majina yao hawajui. Mwambie hiyo hadithi, mwambie ni ya kweli, mi nilikuwepo.

Kuhusu garasa au galasa, yote nayasikia na yote nayaona yameandikwa, mi naandika garasa kwa mazoea ya nyumbani. Ra na la kwetu zinabadilishana sana na sioni sababu ya mtu kumsahihisha mwenzie hapo. Wingi wake magarasa.

SWALI: Mambo vipi mwalimu. Mi fundi simu niko Pongwe stendi. Wateja wangu simu ikiwa mbovu wanasema kimeo, wengine siku hizi wanasema "umeniuzia garasa". Je ni kitu kimoja? (Fundi, Pongwe)

JIBU: Poa fundi. Hapana, na wewe kama fundi tofauti yake itakusaidia kujua mteja analalamika nini. Kimeo asili yake ni kile kinyama kidogo kinachoning'inia nyuma kooni. Wapo wazee walikuwa wanakikata kwa watoto wanaokohoa sana na mpaka leo wapo wanaokata, na hapa niseme wazi kwamba sio vizuri, mtoto anaweza kutoka damu nyingi au kupata maambukizi, kikohozi kipelekeni hospitali. Mtaani sasa kimeo ni kitu kinachokusumbua, gari kimeo inakuharibikia njiani, simu kimeo inajizima ukiwa unatuma hela, hata mtu kimeo ni yule ukimweka kwenye shughuli yako ataiharibu. Garasa lenyewe halifanyi kitu, liko tu. Kimeo kinafanya ubaya. Simu ambayo imezima moja kwa moja haiwaki, mteja akisema garasa kasema sawa, ila inayowaka asubuhi ikazima mchana ikawaka tena usiku na kila wiki iko mezani kwako, hiyo ni kimeo. Mi binafsi nikichaguliwa nitachukua garasa, maana najua siku ya kwanza kwamba sina simu.

SWALI: Mwalimu habari za kazi. Nimeajiriwa kwenye kampuni moja hapa mjini. Kwenye fomu yangu ya tathmini bosi kaandika "mfanyakazi huyu ni goigoi na ni mzigo kwa idara". Nimelia. Kazi nafanya ila kompyuta ninayotumia ni mbovu na nimeshaandika barua mara mbili. Je goigoi ni sawa na mzembe? Na lipi baya zaidi? (Dada wa Chumbageni)

JIBU: Pole dada. Haya maneno yanaonekana ndugu lakini kila moja linakulaumu kwa kitu tofauti, na kwako hapo tofauti ina thamani ya pesa.

Goigoi ni wa mwili mzito, kazi ya saa moja anaifanya kutwa, anajikokota. Ajizi ni yule wa kesho, kila kitu nitafanya kesho, ndo wazee wakasema ajizi nyumba ya njaa. Mzembe ni mwingine kabisa, mzembe anaweza na anajua, ila hajali, anaacha mlango wa stoo wazi anaondoka. Dhaifu hana nguvu, na huenda sio kosa lake. Butu ni la kisu, na uzuri wake ni kwamba kisu butu kinanolewa, ndo maana sheria isiyo na adhabu tunaiita butu tukimaanisha inoleni. Mzigo ni yule ambae wenzie wanambeba. Hili la mzigo lilivuma sana mwaka 2013 pale viongozi wa chama tawala waliposema kuna mawaziri mizigo, na toka hapo limeingia maofisini kama mchezo, kila mtu anamwita mwenzie mzigo.

Sasa bosi kuandika goigoi kwenye fomu ya kazi mi naona hajaandika tathmini, kaandika hasira. Na kwenye kampuni binafsi hili lina uzito, maana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, namba 6 ya mwaka 2004, inatofautisha mtu kuachishwa kwa ajili ya mwenendo wake na kuachishwa kwa ajili ya uwezo wake. Uzembe uko upande wa mwenendo. Kushindwa kazi kuko upande wa uwezo, na huko kanuni za mwaka 2007, Tangazo la Serikali namba 42, zinamtaka mwajiri aangalie kwanza kwanini kazi hailingani na kiwango, akuelekeze, na akupe muda wa kujirekebisha. Goigoi haiko upande wowote! Unaweza kuvutwa huku au kule baadae kwa neno hilohilo. Kwahiyo andika barua ya heshima, omba neno hilo libadilishwe kwa maelezo, kazi gani ilichelewa, kwa siku ngapi, tarehe gani, na wewe ambatanisha zile barua zako mbili za kompyuta mbovu. Mtu akilazimika kuandika tarehe mara nyingi ugoigoi unaisha, inabaki kompyuta. Kama kuna chama cha wafanyakazi hapo kazini waone kabla hujapeleka.

Uliuliza lipi baya zaidi. Kwa moyo ni mzigo, maana linakwambia wenzio wanakuchoka. Kwa kazi ni mzembe, na bahati nzuri hilo hajaliandika.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi kijijini wilaya ya Muheza. Mgonjwa akimaliza dawa asipone anasema "dawa zenu dhaifu", wengine "dawa feki", wengine "dawa imenizoea". Mi nataka niwaelimishe lakini nakosa neno. Dawa isiyofanya kazi inaitwaje kwa kiswahili kizuri? (Muuguzi, Muheza)

JIBU: Marahaba mwanangu, na ahsante kwa kazi. Hakuna neno moja, na hiyo ni heri, kwasababu sababu zenyewe sio moja. Feki ni ile ambayo sio dawa kabisa, kiwanda cha uongo. Iliyopita muda wake ni dawa iliyokwisha muda, au iliyoharibika, mwambie hivohivo. Dhaifu waachie kwa dawa ambayo kipimo chake ni kidogo kuliko ugonjwa. Na ile hali ya kwamba dawa ni nzima, mgonjwa kameza vizuri, lakini mdudu hafi, hiyo kiswahili kinasema usugu, na angalia hapo sugu ni nani. Sio dawa, ni kimelea. Tunasema vimelea sugu. Watu wazima wa hapo Muheza watakuelewa haraka ukiwakumbusha klorokwini, ile dawa chungu ya malaria iliyokuwa inawawasha mwili mzima, waliimeza miaka na miaka ikiwaponya, alafu ikawa haiponyi, ikaondolewa 2001 ikaja dawa nyingine inaitwa SP, na 2006 ikapitishwa dawa mseto. Klorokwini haikubadilika hata kidogo, uchungu uleule, ila wadudu walikuwa wameshaizoea. Kwahiyo yule anaesema "dawa imenizoea" yuko karibu sana na ukweli kuliko wenzie, mgeuzie tu kidogo, mwambie dawa haijakuzoea wewe, mdudu ndo kaizoea dawa, na anaizoea zaidi mtu akimeza siku mbili akijisikia nafuu akaacha zilizobaki kwenye droo.